Leso Ninayoirudisha Munje

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai wewe na Baba mu wazima, na goti lako limepunguza kukusumbua tangu mvua zikatike. Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Barua hii anakuletea Zuhura wa Ukunda, jirani yangu huku Ujerumani, anayekuja likizo. Nimemwomba akupe wewe mkononi. Ujumbe wa simu hukusomea kaka Hamisi, na haya si ya kusomwa na mwanamume. Ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa, uweze kuisoma peke yako.

Pamoja na barua utaiona leso uliyomtumia bibi harusi. Haijafunuliwa.

Siku ya Idi uliniuliza, shahada hii ya kusomea Afrika Mashariki, mtu akishaipata anakuwa nani? Nikacheka, nikasema kazi ni nyingi. Si kweli, Mama. Wenzangu waliopata kazi waliisoma pamoja na sheria au uchumi, na ofisi ziliwachukua kwa hiyo sheria na huo uchumi. Mimi niliichukua peke yake, nikaja huku kufundishwa habari za kwetu na watu waliokaa Diani wiki mbili. Miaka minne imekwenda hivyo. Bibi alizikwa mimi sipo, na sasa ninafua mashuka katika nyumba ya wazee. Kufua hakunitii aibu, kazi ni kazi.

Aibu yangu ni nyingine. Mwaka jana mwalimu wangu alinirudishia tasnifu niliyokuwa nikiandika juu ya harusi za pwani ya kusini. Alisema yote yaliyomo yako maktabani, nimletee kitu ambacho mwingine hawezi kukileta. Nikikileta, huenda nikapata kazi palepale chuoni. Nilijua mara moja kitu hicho ni nini. Ni wewe, somo unayewafunda wasichana wa Munje nzima wanapoolewa.

Nikakupigia simu. Nikakwambia kuna msichana wa Msambweni anaolewa huku, yatima, hana wa kumfunda, na mimi nimesahau mengi. Ukasema, "Haya hayasemwi kwa simu, mwanangu. Lakini mtoto wa watu hawezi kuachwa aende kwa mume hivi hivi. Ngoja nifunge mlango."

Ulisema mchana kutwa, ukakatiza kwa sala tu, nami nikakurekodi. Mwezi haukwisha ukatuma na leso. Tangu hapo kila tukiongea unamuulizia, kama anakaa vizuri na mumewe, kama ameshika mimba, na mimi ninakutungia majibu. Hakuna bibi harusi, Mama. Hajawahi kuwapo.

Maneno yako niliyaandika sura nzima. Waliokaa kunihoji juu ya tasnifu walikuwa wanne, watatu wanaume. Mmoja aliuliza jambo ambalo mimi na wewe hatujawahi kulitaja Baba akiwa hata uani, nikamjibu bila kuinamisha macho. Akauliza mwanamke huyu ni nani. Nikasema ni somo mmoja wa kijijini. Walinisifu sana, na siku hiyo nilifurahi, nisikufiche.

Kazi nikapewa, kwa sharti tasnifu iwekwe kwenye mtandao isomwe na yeyote. Asubuhi ya kwenda kutia sahihi nilifungua sanduku kutafuta nguo, nikaikuta leso. Nikakaa kitandani. Nikawafikiria wasichana wa Ukunda na simu zao, na mama zao. Nani atakuita tena umfundie mwanawe, akijua ya chumbani yanasomwa na dunia?

Sikutia sahihi. Nilimwomba mwalimu aitoe sura ile. Akasema itabaki shahada ya kawaida tu, na kazi itakwenda kwa mwingine. Imekwenda. Kwa hiyo ukiniuliza tena shahada hii ina faida gani, jibu langu ni kwamba peke yake haikunipa kazi, na ilipotaka kunipa, ilinitaka nikutoe wewe. Nami nilikuwa nimeshakutoa nusu. Wale wanne wameshasikia, siwezi kuwasahaulisha. Rekodi bado ninayo, ukisema niifute nitaifuta siku hiyo hiyo. Nimekukosea, Mama. Naomba radhi zako, na usipoweza kunipa sasa, nitangoja.

Leso mpe msichana anayeolewa kweli.

Nisalimie Baba, mwambie nimefaulu, asihangaike na mengine. Nisalimie kaka Hamisi na tuk-tuk yake, na shangazi wa Lunga Lunga na wanawe wote. Bi Mwanatumu, aliyekufunda wewe kisha akanifunda mimi nilipovunja ungo, na aliyenishika mkono nikaapa kwamba hayatatoka, lazima atakuuliza kama nimemtaja kwenye barua.

Mwambie sikumtaja.

Mimi mwanao, nisiye na uso mbele yako,
Mwanasha