Zile si Kuni, Mama

Morogoro, Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa maandishi kwa sababu kwenye simu unanijibu "salama" hata unapokohoa. Kifua kinaendeleaje tangu baridi ianze? Na cherehani, je, kaka Emanueli ameshakutafutia mkanda mpya? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaoogopa, na sitakuficha.

Jumapili uliniambia kwamba kuna mtu mwema amekuachia kuni mlangoni, tena zimekatwa vizuri, zinalingana. Nikacheka, nikasema Mungu ambariki. Jioni kaka akanipigia akiwa amesogea mbali na nyumba. Mama, zile si kuni. Ni vigingi vyetu vya bwawani, vimeng'olewa vyote na kufungwa kwa majani ya matete. Na mtu aliyekutana naye kwenye mashine ya kusaga alimwambia: "Mwambie mama yako afunge mizigo. Hifadhi huanza na aliyeiita."

Mimi niliyesimama mbele ya mkutano wa kijiji bila woga, mimi ninayeitwa hapa chuoni kila panapotakiwa mtu wa kusema, leo naogopa mlio wa simu.

Unaikumbuka siku ile ya mkutano. Niliuliza: maji ya bwawa yalianza lini kuwa na rangi ya chai ya maziwa? Tulipolima hadi ukingoni, nani alibaki kuuzuia udongo usiingie? Matete tuliyoyafyeka ndiyo yaliyokuwa yakituchujia maji. Mikuyu tuliyoikata ndiyo iliyoishika ardhi. Nikaomba turudishe uoto wa ukingo, mita sitini kama sheria inavyotaka, tena tuanze na shamba letu sisi. Mzee Gidamis, ambaye ng'ombe wake hunywa pale, akasimama na fimbo yake: "Binti, ng'ombe wangu hawajasoma. Mita hawazijui. Waachie njia ya kufika majini, hayo mengine sina ugomvi." Watu wakacheka, njia ikatengwa, tukakubaliana. Vigingi tulivipigilia pamoja, yeye mwenyewe akishika kamba.

Kosa lilikuja baadaye, nalo ni langu. Niliombwa kuandika kibao kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Wewe ulikuwa unashona sketi za shule, ukasema bila kuinua macho: "Andika 'pindo la bwawa'. Nguo isiyo na pindo hufumuka." Nikaona hilo ni neno la fundi cherehani, halifai kwa jambo la kisheria. Nikaandika kwa herufi kubwa: ENEO LA HIFADHI. Kisha nikapanda basi nikaja zangu huku.

Mimi nilimaanisha kutunza. Lakini kwetu, Mama, nani husikia hifadhi akafikiria kutunza? Husikia askari, husikia ng'ombe waliokamatwa, husikia watu waliohamishwa. Wanaopita hapo na mifugo kutoka Getanuwas hawakuwepo mkutanoni. Wamesoma neno moja tu, likawatosha. Kwa kuwa tulianza na shamba letu, wamedhani umeliuza bwawa. Nimesoma miaka mitatu jinsi ya kuulinda ukingo wa maji, nikashindwa kuulinda mlango wa mama yangu.

Nakuomba usiende kuteka maji peke yako alfajiri. Ukalale kwa mjomba hadi nifike. Najua utasema huwezi kuwaacha kuku. Waache kuku. Barua hii namkabidhi kondakta wa basi, Emanueli ataipokea Katesh. Akishakufikishia, aende akakifunike kile kibao kwa gunia siku hiyohiyo. Mimi nasafiri Ijumaa. Nitaomba mkutano, niseme mbele ya wote kwamba hakuna aliyeuza kitu, kwamba neno lile ni la mkono wangu na si lako. Naogopa hawatanisikiliza. Naogopa pia kwamba mvua zitanitangulia, majembe yarudi hadi majini, na miche ya mikuyu tuliyopanda isipate hata msimu mmoja wa kushika mizizi.

Lipo jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Kaka anasema kila kigingi bado kina rangi nyekundu kichwani. Wewe ndiwe uliyevipaka rangi hiyo, kimoja kimoja, umekaa barazani. Basi uliponiambia ni kuni, ulijua. Ulijua, ukanichekesha.

Nisalimie mjomba wa mashine ya kusaga, na shangazi anayekuletea maziwa. Mzee Gidamis mpe shikamoo yangu, umwambie njia ya ng'ombe wake ipo palepale. Na kama kimesalia kigingi kimoja ambacho hujakipikia, kiweke uvunguni. Nitakuja kukipigilia, na safari hii kibao utaandika wewe.

Ni mimi mwanao, niliyekosea neno,

Paskalina