Ndoo za Kwao Neema

Mume wangu Kulwa,

Marahaba. Hapa Misungwi tu wazima. Babu yako amepanda mpunga na sasa anagombana na ndege.

Unauliza kama umfukuze yule binti anayewaumiza wenzake kwenye darasa lako la karate. Nami niliwahi kuwa binti wa namna hiyo, pale Mwanza. Mazoezini tuliambiwa turushe mateke bila kugusana, nikampiga mwenzangu Neema teke, mkono wake ukateguka. Mwalimu hakunifukuza. Alisema, "Mkono ule ulikuwa na kazi nyumbani kwao. Kaifanye mpaka upone."

Bibi yake Neema aliitikia shikamoo yangu, kisha akanitazama miguu. "Kumbe punda mwenyewe ndiye wewe? Haya, ndoo hizo."

Nikachota maji ziwani wiki mbili, Neema akitembea kando yangu na kunicheka nilivyoyamwaga. Siku ya tatu ndipo nilipomuuliza kama mkono bado unamuuma. Kabla ya hapo sikuwa nimeuliza.

Darasani niliendelea kurusha teke kwa nguvu, ila nilijua pa kulisimamisha.

Kwa hiyo usimfukuze kwanza. Uliza aliyeumia huwa na kazi gani kwao. Na huyo binti mwambie punda mwenzake anamsalimia.

Bibi yako