Ngoma ya Kidegele

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Mwajuma amechovya kiganja kwenye uji sasa hivi, akanipaka shavuni, akacheka. Hakumeza hata tone. Homa imerudi. Dawa ya hospitali imekwisha. Mama mkwe karudia lile lile: mtoto haponi kwa sababu bibi yangu mzaa mama hajaambiwa kuwa ana kitukuu, akamwagiwe maji ya unga kaburini. Kaburi lipi? Mama alikufa nikiwa mdogo, akaniachia wimbo tu wa kumtoa mwali. Kila kijiji kina wake, na huitwa kwa jina la kijiji. Wetu ni Ngoma ya Kidegele. Kisarawe nzima hakuna aijuaye Kidegele.

Alhamisi, 9 Agosti
Ipo. Muuza mkaa mmoja anasema Kidegele ndicho kijiji chao, huko Vihingo. Nilimwimbia, akaitikia. Nimelia. Mwanangu atapona.

Jumapili, 12 Agosti
Nimefika Vihingo, Mwajuma mgongoni, wa moto kama chungu. Nyumba chache, mihogo. Wimbo wanaujua wote. Wakanionyesha makaburi. Nikamwaga maji ya unga, nikamtaja mtoto, nikamtaja bibi. Mwili wangu ukawa mwepesi.

Ndipo akaja Bi Mwanahawa, mkongwe wao. Nikamwamkia. Akacheka kidogo. Akasema niliyemmwagia ni wifi yake, mgomvi, watoto wa watu hakuwapenda hata siku moja. Bibi yangu naye, Bi Mwanahawa alimjua. Alizikwa Kidegele ya kwanza, upande wa Sofu, kabla mzungu wa mkonge hajawahamisha.

"Jina tulilibeba, mwanangu. Makaburi hayabebeki."

Jumatano, 15 Agosti
Sofu, kwa lori. Mkonge mpaka macho yanauma. Mnyapara akasema trekta lilishapita zamani, yeye mwenyewe hakukuta kaburi. Sikujua pa kumwaga. Nimerudi na unga wangu. Nauchukia mkonge.

Ijumaa, 17 Agosti
Hajafumbua macho tangu alfajiri. Mama mkwe kampakata ndani, kaniambia nitoke nipate hewa. Hanilaumu. Afadhali angenilaumu.

Asubuhi nilimwimbia polepole. Nilipofika kwenye Kidegele alinibana kidole. Nina hakika alinibana. Unga bado ninao, nimeufunga kwenye pindo la khanga. Jioni nitaumwaga hapa hapa mlangoni, nimwombe bibi aje mwenyewe, wimbo anaujua, ataufuata mpaka

Mama mkwe ananiita. Ananiita kwa jina langu, si Mama Mwajuma kama