Mpira Haukuja kwa Mashine Nyeupe

Kip, ndugu yangu,

Ni saa tatu asubuhi. Saa nne Mama Wairimu anafika na pikapu kutoka Mau Narok kuchukua zile mashine zako nne nyeupe za gemu, na mimi nazunguka chumbani bila kujua pa kushika, kama siku ile uliponifunga saba bila mbele ya wateja wetu. Nizitoe, ama nifunge mlango nijifanye siko? Kuna jambo sijawahi kukuambia.

Tangu uende, chumba chetu cha gemu hapa mtaa wa Section 58 kimenyamaza. Viti vipo, mimi nipo, na hiki kitambi. Wateja wamevuka barabara, wako kwa jirani mwenye mashine nyeusi. Mtu anachungulia, anauliza, "Boss, mpira wa mwaka huu uko?" Nikisema mashine nyeupe haina gemu hiyo, anatoka kabla kiti hakijapata joto.

Unakumbuka tulivyobishana? Wewe ulizipenda kwa sababu gemu za kampuni iliyozitengeneza zilikuwa tamu. Mimi nikakuambia watu wa Nakuru wanataka mpira, na mpira unatengenezwa na watu wengine kabisa, ambao hupeleka gemu zao pale wachezaji wamejaa. "Watakuja tu, Maina. Wacha haraka," ukanijibu. Hawakuja. Walisema nyeupe zimenunuliwa chache, hawawezi kujisumbua. Watu nao wakasema haina mpira, wainunue ya nini? Tukabaki sisi wawili tukizipangusa vumbi.

Halafu ukaugua, ukaniapisha pale wodini: "Usiziuze mpaka mpira mpya uje." Nikaapa.

Kip, nilikudanganya. Nilichukua ule mpira wa zamani, nikakaa siku tatu nikihamisha wachezaji mmoja mmoja hadi timu zao mpya, nikibadilisha jezi, na haya macho yangu ya miwani. Nikapiga picha ya skrini, nikakuletea. "Umekuja," nikasema. Uliitazama muda mrefu, ukacheka hadi nesi akaja kuuliza kuna nini. Kisha ukasema, "Basi sasa unaweza kuziuza." Wiki hiyo hiyo ukatuacha.

Hapo ndipo ninapokwama. Ruhusa yako niliipata kwa uongo, na yule mama yuko njiani.

Nimeifungua tena ile picha kwenye simu sasa hivi. Pale juu, pembeni, msimu wa zamani bado umeandikwa, herufi kubwa kama za bango. Siku tatu za kazi, na hiyo sikuifuta! Nawe ulikuwa mtu wa kutambua mchezaji akibadilisha viatu tu. Uliuona, Kip. Uliuona, ukaniachilia, kisha ukaniacha nijione mjanja mpaka leo. Wewe... haya basi.

Honi inalia nje. Ni yeye.

Nitazibeba mwenyewe, moja moja, nikiifunga kwa shati lako. Mama Wairimu anasema huko kwao wanapenda mbio za magari, na gemu za mbio nyeupe inazo za kutosha. Kama malipo, anatuachia mashine nyeusi mbili.

Lala salama, ndugu yangu. Siku mpira ukija kweli kwa nyeupe, nitapanda Mau Narok kuzifuata, hata kama ni kuzifukua chini ya magunia ya viazi. Na siku hiyo sitabeba picha. Nitakuja hapo ulipolala nikuambie kwa mdomo wangu: umekuja.

Maina, yule wa saba bila