Nakala ya Kimeu

Kaloleni, Nairobi
6 Juni 1994

Mwanangu Mwongeli,

Pokea salamu. Mimi sijambo, ni mgongo tu. Homa imekuacha?

Insha yako juu ya wachonga vinyago nimeipiga chapa mpaka ukurasa wa tisa, nikaacha. Vidole vilijua neno linalofuata kabla sijalisoma. Nikafungua sanduku la nakala za wateja. Ya Kimeu, ile niliyompigia chapa juu ya wachongaji, haimo. Uliichukua?

Mama yako

Chuoni
13 Juni 1994

Mama mpendwa,

Homa iliisha. Pole na mgongo.

Niliichukua Pasaka, nikaiandika upya kwa mkono wangu. Hata vitabu vya maktaba tunanakili, na walimu hawasemi kitu. Ya Kimeu haikuwahi kuchapishwa. Nani ataumia? Tunakabidhi tarehe ishirini na nne. Tafadhali malizia. Nimechoka, Mama.

Binti yako

Kaloleni
17 Juni 1994

Mwongeli,

Tu wazima. Nami nimechoka.

Ukichukua mistari michache, ukaweka alama za kunukuu na kumtaja mwenyewe, hakuna atakayekulaumu. Wewe umebeba sura nzima. Kimeu alikaa na wachongaji wa Majengo miezi minne. Akija hapa viatu vimejaa vumbi la mbao. Kutochapishwa hakuifanyi iwe yako. Na mimi, watu huniachia kazi zao kwa kuniamini.

Karatasi zako nazirudisha. Kimeu nitamwambia mimi. Mwalimu mwambie wewe.

Mama yako

Chuoni
2 Agosti 1994

Mama,

Natumaini mgongo una nafuu. Nisamehe kwa kimya.

Nilimweleza mwalimu. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwa nini hukumtaja tu?" Nitarudia mwaka.

Nakala nimemtumia Kimeu, pamoja na barua ya kuomba radhi.

Binti yako

Kaloleni
15 Agosti 1994

Mwanangu,

Salamu. Mgongo ni ule ule.

Kimeu alipita Jumamosi. Barua yako aliisoma tena akiwa amesimama mlangoni. Chai alikataa. Nikamuuliza kama amekusamehe.

"Bado, Mama," akasema. Alipiga hatua chache, akarudi. "Mwambie kama anataka kuninukuu, aninukuu. Aandike jina langu tu."

Kanisani nimewaambia hutahitimu mwaka huu. Njoo nyumbani upumzike.

Mama yako