Kifungu cha 17 nilichokitunga mwenyewe

Mama Gertrude, nakuandikia nimeinamisha kichwa, na jina langu nakuomba usilitie gazetini, maana mimi ni mtu wa ofisi na mke wangu hajui hata nusu ya haya.

Ninafanya kazi katika ofisi ya viwanja hapa Likasi, ofisi ninayoona haya kuitaja, tumebaki watu watatu, mashine moja ya kupiga chapa ambayo herufi yake ya «e» inaruka juu ya mstari, na muhuri. Zamani tulikuwa na jalada nene la sheria za ujenzi, lakini tangu kazi za mgodi zianguke kila mtu anakula kwa alichonacho, na mwenzetu mmoja alikuwa akichomoa karatasi zake na kuwapelekea mama wa sokoni wafungie karanga, mpaka jalada likabaki na vifungu kumi na sita tu, na hakuna aliyemzuia.

Jirani yangu, nimwite Magloire, alikuwa fundi wa umeme kiwandani. Nyaya za shaba za mtaa wetu zilipoibiwa sote tukakosa umeme, yeye akatafuta alternateur ya lori, ile dinamo inayotoa umeme ikizungushwa, akachonga mapanga matatu ya mbao, akasimamisha mlingoti wa mabomba nyuma ya nyumba, na upepo wa mwezi wa nane ulipoanza kuvuma ile mashine ikazunguka ikawa inajaza betri, na mtaa mzima ukawa unabeba betri kwake, huyu anaacha kikombe cha unga, yule anaacha fungu la sombe, majani ya muhogo, asiye na kitu anajaziwa bure, na mke wangu Rosalie naye alikuwa akipeleka betri ya redio yetu na kukaa huko akicheka na wanawake wenzake, huku mimi niko barazani nimevaa tai ya ofisi na hakuna anayeniuliza kitu.

Jumapili moja binti yetu Reine, ana miaka tisa, aliniambia mbele ya wageni: «Papa Magloire iko na courant, weye uko na cachet tu.» Yaani mwenzangu ana umeme, mimi nina muhuri tu. Wageni walicheka na mimi nikacheka nao, lakini kesho yake, mama, nikaingia ofisini kabla ya wenzangu, nikatia mashineni karatasi yenye kichwa cha ofisi, nikaandika kwa Kifaransa kwamba kufuatana na Article 17 ni marufuku kusimamisha mashine ya upepo mjini chini ya mita arobaini kutoka nyumba yoyote. Article 17 haipo. Nilichagua kumi na saba kwa sababu kumi na sita ndiyo ya mwisho iliyobaki na hakuna ambaye angeweza kunibishia. Na mita arobaini nilizichagua nikijua vizuri kwamba kiwanja cha Magloire hakifiki hata ishirini na tano, wala cha mtu mwingine yeyote huku kwetu. Nikapiga muhuri mara mbili.

Nilimpelekea Magloire nikidhani atabisha, na nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno ya kumjibu nilikuwa nimeyapanga. Yeye akaisoma karatasi amesimama, kofia mkononi, akaniuliza tu kama mita zinahesabiwa kutoka kwenye mlingoti au kutoka kwenye ncha ya panga, nami nikamjibu kutoka kwenye ncha ya panga, kwa sauti ya mtu anayejua. Siku hiyo hiyo akaushusha. Kisha akaja kwangu na samaki wakavu wa ziwa Tshangalele, akasema: «Aksanti sana, muzee. Miye nilikuwa naangalia courant tu, sikuwaza batoto ba bantu. Kama ingeanguka?» Tuliwala wale samaki, mama. Rosalie alisema ni watamu.

Mkubwa wangu alipoiona nakala aliifurahia, akasema hii ndiyo sheria ya kweli, ya zamani, ya wazungu, akaniamuru nipige nakala nyingine za kupeleka mitaa mingine, na mimi nikazipiga, ningesema nini? Sasa nasikia milingoti mingine minne imeshushwa mahali ambapo sijawahi kukanyaga, kwa sheria iliyotoka tumboni mwangu.

Na sasa mke wa Magloire amejifungua, na Magloire amekuja kuniomba niwe parrain, baba wa ubatizo wa mtoto. Nilimuuliza kwa nini mimi, akasema: «Natafuta muntu wa ukweli.» Na ile alternateur ameshapatana kumwuzia dereva wa lori la Kolwezi, atakayekuja kuichukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na ikishaondoka hapati nyingine, hapa mjini hakuna tena. Nikisema, nimekwisha ofisini na nyumbani, nisiposema, mtu huyu anapoteza kazi ya mikono yake akinishukuru. Siku hizi ninazunguka njia ya nyuma nisipite mbele ya ua wake. Naona aibu mpaka ya kuvaa tai. Niambie la kufanya.

Mwenye muhuri


Jibu la Mama Gertrude

Baba, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikikuhurumia, mara ya pili nikitafuta fimbo.

Nakuhurumia kwa lile neno la mtoto. Mwanaume aliyebaki na ofisi bila kazi ndani yake anaumia vibaya, hilo nalijua, nina mume. Lakini ni baba wangapi wamechekwa na watoto wao mwaka huu hapa Likasi? Hawakutunga sheria. Ulikuwa na mdomo, ungemwambia Magloire akufundishe. Ulikuwa na betri, ungeibeba mwenyewe ukakae pale na watu ucheke nao. Ukachagua muhuri, na hukupiga mara moja, ulipiga mara mbili.

Sasa nikuambie jambo usilolijua. Karatasi yako ninayo. Ilitufikia uani kwa parokia, ninakoshona, mwishoni mwa mwezi wa tisa, na hiyo «e» yako inaruka kama ulivyosema. Tulikuwa na mashine ndogo ya upepo, ilikuwa inajaza betri ya phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Dada yangu Émérence alikuwa akiniita kutoka Kolwezi kila Jumanne. Tulitii, kama Magloire alivyotii. Mwezi uliofuata Émérence akafa, nami nikapata habari kwa mchuuzi wa chumvi, siku kumi na tisa baada ya kuzikwa. Sikuandikii haya ili ulie. Nakuandikia ili uache kusema jirani yangu, jirani yangu, kana kwamba ni jambo la ua wako na wake. Ulitaka kumshusha mtu mmoja, ukanifikia mimi ambaye hujawahi hata kuniona.

Basi sikiliza. Kabla ya hiyo Jumamosi, chukua karatasi ile ile ya ofisi na mashine ile ile, uandike kwamba Article 17 haipo na kwamba aliyeitunga ni wewe, jina lako kamili. Piga muhuri. Mpelekee Magloire mwenyewe, mchana, mke wake akiwepo. Usimtume mtu. Usimsomee, mwache asome. Usianze na maneno ya Reine wala ya jalada lililoishia kwenye karanga, hayo ni ya kujitetea. Mwambie: niliona wivu. Litakuuma kulisema, lakini lisemwe. Kuhusu ubatizo usikubali wala usikatae, yeye ataamua upya akiwa anajua anamwita nani. Kisha mwambie Rosalie siku hiyo hiyo, asije akalisikia sokoni. Kisha nakala ziende kila mtaa zilikokwenda zile za kwanza. Mkubwa wako akikufukuza, utakuwa umefukuzwa kwa kosa ulilolifanya kweli, na siku hizi si wengi wanaopata bahati hiyo.

Na usidhani nataka kila mtu asimamishe mabomba anavyopenda. Magloire aliuliza swali la maana, kama ingeanguka, na hakuna aliyemjibu. Sheria inahitajika, ila iandikwe mbele ya watu. Chukua kamba. Pima urefu wa mlingoti, kisha pima kutoka shina lake hadi ukuta wa jirani, na kama mlingoti ndio mrefu, ukatwe au usogezwe. Nyaya za kuufunga ziishie ndani ya kiwanja cha mwenyewe. Dhoruba ikija, mapanga yafungwe. Majirani wa pande zote waitwe, waseme kama kelele zinawasumbua, na watie sahihi zao. Hapo kiwanja cha mita ishirini kinatosha kabisa, na hakuna anayehitaji kujua kusoma Kifaransa ili akague. Magloire anaweza kukusaidia kuiandika, akikubali kukaa meza moja na wewe. Asipokubali, hiyo pia utaimeza.

Kuhusu mimi hukuomba msamaha, kwa sababu hukujua. Sasa unajua, na nakuambia wazi kwamba bado sijakusamehe. Lakini ukishatoka kwa Magloire, njoo uani kwa parokia, uulizie Mama Gertrude wa ushonaji. Mlingoti wetu umelala kando ya ukuta tangu mwezi wa tisa. Maneno yaache nyumbani. Njoo na kamba na mikono miwili, maana ule mlingoti ni mzito, na mimi peke yangu siwezi kuusimamisha.