Theluji Iliyomfukia Léonidas

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Garland, Texas. Jumanne, 6 Machi 2018, saa nne asubuhi.
Shahidi: Ndeshi Mmari, Mtanzania, miaka 34, mtaalamu wa maabara, mkazi wa Richardson. Mkalimani: Onyancha.

Naeleza kwa Kiswahili kwa sababu tuliyoambiana mlimani tuliyasema kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza yatapoa.

Mnamo Jumamosi tarehe 17 Februari 2018 nilikuwa milimani Colorado na kaka yangu Elirehema, pamoja na jirani yake wa Garland, Léonidas, Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, mfanyakazi wa ghala. Kaka aliwahi kuongoza watalii Kilimanjaro kwa miaka sita, na tangu tuhamie Texas hajaacha kutukumbusha. Léonidas hakuwahi kukanyaga theluji ya mlimani. Alikuja kwa sababu Kaka alimwalika, na alinunua buti mpya.

Saa moja na nusu asubuhi, tulipoegesha gari, nilisoma kwenye simu taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji. Ilisema kiwango cha nne kati ya vitano: theluji mpya nzito imekaa juu ya tabaka la zamani lililolegea kama sukari, watu wasipite kwenye miteremko mikali. Kaka akasema, "Hiyo ni ya Wazungu wanao-ski. Sisi tunatembea." Nikarudisha simu mfukoni.

Saa nne na dakika arobaini tulifika kwenye mteremko. Chini ya miguu yetu ulitoka mshindo mzito, na ufa mwembamba ukakimbia kwenye theluji. Léonidas alisimama.

"Kaka Eli, si ndiyo ile dada Ndeshi alisoma? Turudi."

Kaka akamjibu, "Warundi bwana. Kitu kikilia kidogo, mmeshafungasha. Basi rudi garini, tutakuletea picha."

Nilicheka. Sikutabasamu, nilicheka kwa sauti. Léonidas hakumtazama Kaka, alinitazama mimi. Kisha akakaza mikanda ya begi, akatangulia.

Kaka alimfuata karibu mno, kidole cha mguu kwenye kisigino, kama alivyozoea kupanga wapagazi Kilimanjaro. Mwokoaji alinieleza baadaye kwamba mahali kama pale watu huvuka mmoja mmoja, wengine wakitazama. Mimi nilikuwa nyuma nafunga kamba ya buti. Theluji ilikatika juu yao ikashuka yote.

Iliposimama, Kaka alikuwa amefukiwa hadi kiunoni, anapumua na kuongea. Léonidas hakuonekana. Glovu yake moja ilikuwa juu ya theluji, hatua kama ishirini chini yetu. Niliiona. Kaka akasema, "Nitoe mimi kwanza, Ndeshi." Hatukuwa na koleo. Nilimchimbua kwa mfuniko wa chupa ya chai, dakika ishirini na tano kwa saa yangu.

Watu wawili waliokuwa wakiteleza kwa ski walikuja na koleo, wakauliza tumemtafuta wapi. Hatukuwa tumemtafuta popote. Walimtoa chini ya ile glovu, kina cha mita moja. Alikuwa amekufa.

Njiani kurudi Kaka alinifundisha la kusema: Léonidas alikaidi, akatutangulia. Nikakubali. Jumapili tarehe 25, msibani, Kaka aliyasema hayo mbele ya mjane, Dévote. Dévote akasimama na mtoto mgongoni, akamwomba Kaka radhi kwa ukaidi wa mumewe, uliotaka kumuua na yeye, mtoto wa watu. Kaka akasema, "Nimemsamehe, dada."

Nilikuwa nimeshika sahani ya wali. Niliendelea kula. Naona aibu mpaka sasa.

Haya ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda, nimeyasema kwa hiari yangu.

(Sahihi) N. Mmari

Maelezo ya afisa: Maelezo yamechukuliwa kwa ombi la ofisi ya sherifu wa Colorado. Shahidi alisomewa, akakiri ni sahihi, akaomba mjane apewe nakala. Alipoambiwa kwamba atapewa, aliuliza kama habari za kicheko na glovu zinaweza kufutwa. Alijibiwa haziwezi. Akatia sahihi.
Afisa R. Delgado